Choo Ukiwa Safarini na Gari la Kulala: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu tung'oe viti vya nyuma vya Hiace yetu tukaweka kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, watu wanaotaka kujua habari za safari hutuuliza njia, hutuuliza usalama, halafu husogea karibu na kushusha sauti: "Na choo je?" Wanawake wengi huanza na hilo moja kwa moja, na wana haki. Majibu yafuatayo yanatokana na barabara tunazozipita: Dar es Salaam hadi Mbeya, Dar hadi Arusha, kanda ya kati mpaka Mwanza, na Nairobi hadi Mombasa. Anayesafiri na gari dogo na hema atayatumia vilevile.

Gari lisipokuwa na choo chake, safari inawezekana?

Inawezekana. Mchana hauna tabu, kwa sababu barabara kuu zina miji na sheli, na mwenye kupanga vituo vyake hakosi msalani. Tabu ni usiku. Umeegesha uwanjani kwa watu, saa tisa usiku tumbo linakuamsha, choo kiko mbali gizani na mlinzi amefungulia mbwa. Kwa hiyo hata kama huna choo cha kubebeka, uwe na ndoo ya usiku. Ya kwetu ni ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko unaobana, juu yake tunaweka kiti cha plastiki cha choo, na pembeni kuna mfuko wa maranda tuliyoomba kwa seremala. Kila anayemaliza anamwaga maranda mpaka yafunike kabisa. Majivu ya jikoni nayo yanafaa. Siri ya kuzuia harufu ni kutochanganya haja ndogo na kubwa, hivyo haja ndogo ina chombo chake chenye mfuniko wa kuzungusha.

Ukiwa na uwezo, choo cha kubebeka chenye tangi chini ni raha zaidi. Matangi mengi ni ya kati ya lita 10 na 20, na watu wawili wakikitumia kwa haja zote hujaa baada ya siku mbili tatu. Kukinunua si kazi. Kazi ni kujua pa kukimwaga, na hilo nimelijibu mbele.

Kuchimba dawa ni jambo la kawaida kwetu. Kuna ubaya gani?

Neno lenyewe ni zuri. Wazee walilitumia kwa stara: mtu hasemi anakwenda kujisaidia, anasema anakwenda kuchimba dawa, na wote wanaelewa na kugeuza macho. Lakini wakati ule msafiri alikuwa mmoja na pori lilikuwa pori. Siku hizi kile unachokiona pori ni shamba la mbaazi la mtu, au njia ya watoto wanaokwenda shule, au korongo ambalo mvua ikinyesha hupeleka kila kitu kwenye kijito wanachochota maji watu wa bondeni. Kipindupindu husafiri kwa njia hiyo hiyo: kinyesi kinafika majini, maji yanafika mdomoni.

Na madereva wote huchagua mahali pamoja. Penye kivuli cha mbuyu na nafasi ya kuegesha, wewe ni wa mia kusimama pale wiki hiyo. Tembea hatua kumi kutoka barabarani uone karatasi. Serikali ya Tanzania imeshapiga marufuku mabasi kusimamisha abiria porini kwa sababu hizo, na mwenye gari lake binafsi asijione yuko nje ya katazo hilo. Porini ni mahali pa dharura tu, na hata dharura ina utaratibu wake.

Basi vyoo vyenyewe viko wapi barabarani?

Kwanza, usisubiri kubanwa. Sisi husimama kila baada ya saa mbili, abanwe asibanwe, na kabla ya kila kipande kirefu kisicho na mji.

Njia ya Mbeya ndiyo inayohitaji hesabu zaidi. Chalinze kuna sheli nyingi na migahawa, haina shida. Morogoro ingia stendi ya Msamvu au sheli yoyote kubwa, na hapo kila mtu ashuke, kwa sababu mbele yako kuna Hifadhi ya Mikumi ambayo barabara kuu inaikatiza kwa kilomita 50 hivi. Ndani ya hifadhi hushuki garini. Si kwa sababu ya faini tu: nyasi zile zinazokuita ndizo anazolalia simba. Ukiikosa Morogoro, kituo chako cha mwisho ni Doma. Ukitokea Iringa, kituo chako ni mji mdogo wa Mikumi. Ukishapita Mikumi kuna Ruaha Mbuyuni, penye wauza vitunguu, na pale usiwe mvivu wa kushuka, kwani mbele ni mlima Kitonga. Kitonga ni kona kali, upande ni mwembamba, malori yanapanda kwa gia ya kwanza, na gari lililosimama pembeni kwa ajili ya haja ndogo ni ajali inayosubiri saa yake. Juu ya mlima kuna Ilula. Iringa mjini kuko kilimani, ila huna haja ya kupanda, Ipogolo pale chini pana kila kitu. Kati ya Iringa na Mafinga kuna shamba la zamani la Kisolanza lenye uwanja wa kambi unaojulikana sana na wasafiri wa magari ya kulala. Halafu Mafinga, Makambako, na kuendelea.

Njia ya Arusha ni nyepesi. Segera, Korogwe na Mombo zina migahawa mikubwa iliyojengwa kwa ajili ya mabasi, yenye vyoo vya kutosha, na mbele yake iko Same.

Nairobi hadi Mombasa kuna Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na Mariakani. Toka Mtito Andei mpaka Voi barabara iko katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na tembo wa pale huvuka wanapotaka, hivyo vichaka vya njia hiyo si vya kuingia. Makindu kuna hekalu la Masingasinga lililoanzishwa mwaka 1926, ambalo mpaka leo hupokea msafiri wa dini yoyote, humlisha na kumpa pa kupumzika bila kumdai. Ukiingia pale, vua viatu, funika kichwa, acha sigara na pombe garini. Na usiingie kwa ajili ya choo ukatoka mbio kama mwizi. Keti, salimia, kula ulichopewa, acha sadaka.

Kuna mahali sipaombi choo?

Zahanati na vituo vya afya. Vyoo vile ni vya wagonjwa, mara nyingi havitoshi, na wewe mzima unaweza kuondoka na maradhi au kuyaacha. Shule pia. Gari geni likiingia uwanja wa shule na watu wazima wakaelekea vyoo vya watoto, hata mwalimu mkuu asiposema neno, umemtia hofu bure.

Na msikitini au kanisani?

Misikiti ya kando ya barabara imewasaidia wasafiri tangu enzi za misafara, na kwa kawaida vyoo vyake vina maji. Lakini vipo kwa ajili ya wanaokwenda kuswali. Epuka muda wa adhana na dakika za baada yake, kwa sababu ndipo watu wanapotia udhu. Mtafute mtu, toa salamu, omba. Viatu vyako viache pale wanapoacha wengine, vaa kandambili za chooni, na ukitoka ziache zikiangalia pale ulipozikuta. Mwanamke aulize kama kuna sehemu ya kina mama, asikate shauri mwenyewe. Kanisani mtafute mlinzi au katekista. Kote kuwili, suruali fupi na kifua wazi hapana.

Nikifika kwa mtu nyumbani au dukani, naombaje?

Unaanza na salamu, si na shida. "Shikamoo mama." Subiri marahaba. "Za hapa? Sisi ni wasafiri, tunatoka Dodoma. Samahani, tunaomba msaada wa msalani." Ukisema hivyo kwa utulivu ni nadra mtu kukunyima, na mara nyingi atamtuma mtoto akuonyeshe njia na kukupa kopo la maji. Kijana mwenzako utamwita dada au kaka, yanatosha. Dukani, nunua kitu kwanza, hata soda moja. Kwenye nyumba, usitoe hela mlangoni kama unanunua. Ukimaliza, shukuru, na kama unataka kuacha kitu, acha sukari, sabuni au matunda uliyonunua njiani. Mkono mtupu si dhambi, ila mkono wenye kitu hukumbukwa.

Jambo dogo ambalo vijana wa mjini wanalisahau: vyoo vingi vya kijijini havina komeo, pengine mlango ni gunia au khanga. Ukikaribia, piga hodi au kohoa. Aliye ndani hatasema "nipo", atakohoa. Kikohozi kile ndicho komeo. Rudi nyuma, usisimame mlangoni, na wewe ukiwa ndani ukisikia nyayo, kohoa.

Kwa nini nilipie choo? Si huduma ya umma?

Shilingi 200, 300, pengine 500. Kenya ni kumi, ishirini, mara nyingine hamsini. Sehemu nyingine wameandika ukutani bei ya haja ndogo, kubwa na kuoga. Yule aliyekaa mezani na karatasi zilizokunjwa mara nyingi hana mshahara wa maana. Choo kimekodishwa kwa mzabuni, mzabuni anataka hesabu yake jioni, na maji, sabuni na dawa ya kusafishia vinatoka humo humo. Mlipe bila kununa. Weka sarafu kwenye kopo mbele ya dereva, ili usimpe noti ya elfu kumi asubuhi wakati hana chenji. Na ukikuta kisafi, mwambie. "Dada, choo chako kisafi kweli." Nimeona mtu akisimama kutoka kwenye kigoda kwa neno hilo.

Suala la maji mnalirudia sana. Kwani kuna nini?

Hili nalisema kwa urefu kwa sababu tulikosea, na kosa lile ndilo lililobadilisha namna yetu ya kusafiri.

Tulikuwa tunatoka Dodoma kuelekea Morogoro, tukasimama kwenye mgahawa mdogo upande wa Gairo. Tulikuwa sita: mimi na mume wangu, watoto watatu, na mama mkwe. Choo kilikuwa cha kuchuchumaa, sakafu ya saruji imesuguliwa mpaka inateleza kwa usafi. Pembeni palikuwa na pipa la bluu lenye maji nusu na kopo lililokatwa kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula. Tukajisaidia wote sita. Nikawanawisha watoto, kisha nikachota tena na tena kumwosha miguu mdogo aliyekanyaga tope. Tulipotoka, pipa lilibaki na maji ya vidole viwili. Nikalipa, nikashukuru, tukaagiza chai.

Tukiwa tunakunywa nikamwona yule mama wa choo anavuka barabara na ndoo ya lita 20 kichwani, kata ya khanga imelowa, maji yanamchuruzika shingoni mpaka mgongoni. Akaingia, akamimina, akatoka na ndoo tupu. Akavuka tena. Safari ya tatu nikamfuata, nikamuuliza maji anayatoa wapi. "Kule bombani mwanangu. Leo yametoka, kwa hiyo foleni ni ndefu." Hakulalamika. Gairo maji ni ya shida, na mengi ni ya chumvi, hilo alilisema kama mtu anavyosema jua linawaka. Na sisi, mita ishirini kutoka pale, tulikuwa na tangi la lita 80 ndani ya gari, limejaa.

Tangu siku hiyo tuna dumu jekundu la lita 10 ambalo ni la choo tu, halichanganywi na maji ya kunywa. Anayekwenda msalani mahali pasipo na bomba analibeba. Choo cha kumwagia kinahitaji lita mbili au tatu, mradi uzimwage kwa mkupuo mmoja na kwa nguvu. Ukimwaga kidogo kidogo utamaliza ndoo nzima na kitu bado kipo. Na kabla ya kuondoka, tunaangalia pipa. Likiwa limepungua kuliko tulivyolikuta, tunalijaza kutoka garini. Ule mgahawa tunaupita kila mwaka, na tukifika tunashusha madumu mawili kabla hata ya kusalimiana vizuri.

Choo cha kuchuchumaa kinanishinda. Na mwingine anasema cha kukaa kinamshinda.

Asiyeweza kuchuchumaa, soma jibu la wazee hapo chini. Asiyependa kukaa mahali walipokaa wengine, ninamwelewa, ila naomba asipande na viatu juu ya choo cha kukaa. Kiti kinapasuka, mtu anaumia, na anayefuata anakuta nyayo za tope. Futa kiti kwa maji na sabuni, tandika karatasi, au kiinue usimame nusu. Ukidondosha tone, lifute. Kiti kiache juu au chini kama ulivyokikuta.

Kwenye choo cha shimo, toa simu mfuko wa nyuma kabla ya kuingia. Ikidumbukia usijaribu kuifuata. Watu wamekufa kwa hewa ya mashimo hayo.

Basi likifika wakati nami nimefika, nani atangulie?

Wao. Basi lina abiria hamsini au sitini, wamepewa dakika kumi au kumi na tano za kula na kujisaidia, na kondakta anapiga honi. Wewe una kitanda ndani ya gari. Kaa, kunywa chai, subiri honi ya mwisho. Ukiwa tayari ndani na foleni imefika mlangoni, harakisha: si wakati wa kupiga mswaki wala kunyoa. Kuna mama mjamzito pale nje, na kuna mzee mwenye kisukari ambaye anahesabu sekunde.

Pedi, nepi na vitambaa vya unyevu tunatupa wapi?

Hakuna hata kimoja kinachoingia chooni. Si cha shimo, si cha maji. Pedi na nepi hazinyonyeki; gari la majitaka likija, bomba linaziba, na mwenye choo anaambiwa atafute mtu wa kuzitoa kwa mkono. Vitambaa vile vya unyevu vinaonekana kama karatasi lakini vingi vina nyuzi za plastiki, havilegei majini. Sisi tuna ndoo ndogo ya lita 5 yenye mfuniko, ndani tumenyunyiza majivu. Kila kitu kinafungwa kwenye gazeti kwanza. Tukifika mji wenye dampo au kambi yenye tanuri la kuchomea, tunaomba na kumwaga.

Usitegemee mifuko ya plastiki ya kubebea. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na mpakani wanakagua. Kenya pia, tangu tarehe 5 Juni 2020, hairuhusu chupa za maji na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja ndani ya hifadhi na fukwe zinazolindwa. Gazeti na ndoo havina ugomvi na mtu.

Kwa kina mama: beba khanga mbili za ziada. Moja ya kujifunga, moja ya kushikiwa na mwenzio pale ambapo mlango haupo.

Ninasafiri na wazazi wazee au mtoto mdogo. Nifanyeje?

Mama mkwe wangu ana magoti mabaya. Alikuwa hanywi maji siku nzima ya safari ili asihitaji choo, mpaka siku moja kichwa kikamzunguka Makambako tukadhani ni presha. Usimwache mzee afanye hivyo. Tulimtafutia kiti cha mbao kilichokatwa tundu katikati, fundi alikitengeneza kwa nusu saa, kinawekwa juu ya choo cha kuchuchumaa na kinakunjwa. Ukimaliza, kioshe ukiwa bado chooni, na sakafu pia. Mtangulie ukaangalie kama sakafu inateleza na kama kuna taa, kisha ndiyo umwite.

Mtoto mdogo awe na poti yake. Cha potini kimwagwe chooni, si kwenye mtaro nyuma ya mgahawa. Kinyesi cha mtoto si kisafi kuliko cha mtu mzima, ingawa wengi wetu tumelelewa tukidhani hivyo.

Kwenye hifadhi mambo yakoje?

Kambi za umma za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, zina vyoo na mabafu. Kambi zile maalumu, ambazo unakodi peke yako, hazina kitu: hakuna choo, hakuna maji, unakuja na chako na unaondoka na chako. Soma kibali chako kabla hujalipa. Ukitoka Ngorongoro kuingia Serengeti, lango la Naabi lina vyoo, kila mtu ashuke pale. Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta, tembo huja kunywa maji kwenye tangi la wapiga kambi, kwa hiyo ikishaingia usiku ndoo ya garini ndiyo choo chako, hata kama choo cha kambi unakiona. Washa tochi, zungusha mwanga nje ukitafuta macho yanayong'aa, na ukiyaona, rudi kulala.

Tumeegesha kando ya ziwa. Kukojoa majini kuna shida gani, maji ni mengi?

Kuna kichocho. Mayai ya minyoo yake hutoka kwenye mkojo na kinyesi cha mgonjwa, yakifika maji yasiyo na chumvi yanaanguliwa, yanaingia kwa konokono, yanatoka tena kutafuta ngozi ya mtu anayefua, anayevua au mtoto anayeogelea. Kanda ya Ziwa Victoria inaujua ugonjwa huu vizuri. Unaweza kuwa nao bila kujua. Mtu mmoja anayekojoa kwenye matete Jumamosi ameanzisha mzunguko ambao hatakuwepo kuuona. Kaa mbali na maji, na kama hakuna choo, tumia chombo chako.

Pwani usichimbe kwenye mchanga unaofikiwa na maji yakijaa. Kina mama hukwangua chaza na kuokota kombe pale pale maji yakitoka.

Imeshindikana kabisa, hakuna choo wala ndoo. Sasa?

Sasa ndiyo dharura yenye utaratibu. Tembea angalau mita 60 kutoka kwenye maji, njia au shamba, yaani hatua sabini au themanini za mtu mzima. Piga miguu chini nyoka wasikie. Chimba kwa sepeto au jembe dogo shimo la sentimita 15 hadi 20, udongo ule wa juu ndio wenye vijidudu vinavyoozesha. Fukia, kanyagia. Karatasi rudi nayo, au tumia maji, ambayo wengi wetu tunayapenda zaidi hata hivyo. Nawa kwa sabuni. Sisi tumetoboa kitundu kwenye mfuniko wa chupa ya lita moja na nusu, inaning'inia mlangoni mwa gari kama kibuyu chirizi, na kipande cha sabuni ndani ya soksi kimefungwa kando yake.

Choo cha kubebeka nakimwaga wapi?

Kwenye choo, kwa ruhusa. Kambi kubwa watakuonyesha. Kwenye sheli au mgahawa, mwambie mhusika kweli: "Nina lita kumi na tano za choo cha gari, naomba kumwaga, nitalipia na nitasafisha." Wengine watakataa, ondoka kwa amani. Swali watakalokuuliza ni la dawa unayotia kwenye tangi la choo. Ile ya bluu yenye formaldehaidi huua vijidudu vinavyofanya kazi ndani ya shimo au tangi la majitaka, na choo kidogo cha familia kinaweza kukaa wiki kikinuka kwa sababu yako. Tumia dawa ya vimeng'enya, au usitumie dawa kabisa na umwage kila siku. Cha ndoo ya maranda nacho kimwagwe kwenye choo cha shimo, kisiingizwe kwenye choo cha maji, kitakiziba. Usimwage usiku kwa kujificha. Usimwage mtaroni, hata mvua ikinyesha.

Madereva wengi hukojoa kwenye chupa na kuitupa dirishani. Ni vibaya hivyo?

Ndiyo. Chupa ile itaokotwa. Kuna watu, wengi wao watoto na kina mama, wanaopita kando ya barabara na kiroba wakiokota makopo ya kuuza kwa kilo, na kabla ya kulitia kopo kirobani wanalifungua na kumwaga kilichomo. Nilimwona kijana akifanya hivyo karibu na Mombo, akageuza uso, akafuta mikono kwenye nyasi, akaendelea na kopo lingine. Ukikojoa kwenye chupa, ifunge, ibaki garini, uimwage chooni mbele ya safari.

Nikikuta choo kichafu tayari?

Mwaga maji kabla hujatumia, usiache lawama ziongezeke. Kama ni kichafu kupita kiasi, mwambie mhudumu pembeni, kwa sauti ya chini, si mbele ya wateja: "Samahani dada, cha pili kutoka mwisho kimeziba." Huenda ametoka kukisafisha dakika kumi zilizopita, basi likaja. Kama maji yameisha na wewe unayo garini, shusha dumu.